Ndege ya rimoti ya kujitengenezea: bawa kwanza, mota mwisho

Kila tukizungumzia ndege nyuki kwenye kipindi, ujumbe wa vijana wa Masasi na Newala unafanana: mota inapatikana wapi, rimoti ni bei gani, betri ya simu inafaa? Ni maswali mazuri, ila yamekuja kabla ya zamu yake. Ndege ya rimoti ni bawa, mkia, na uzito uliokaa mahali pake. Ikishaweza kuteleza angani yenyewe bila mota, ndipo mota inapata kazi ya kufanya. Isipoweza, mota itaifikisha chini haraka zaidi, pamoja na fedha ya korosho uliyoitia humo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kubuni na kuunda ndege hiyo kwa mikono yako, bila kununua boksi la ndege iliyokwisha kutengenezwa. Vipimo tunavyotoa ni vya ndege ya mwanafunzi: bawa juu ya kiwiliwili, mwendo wa polepole, mita moja kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Tunaeleza pia habari ya ruhusa, maana sisi tuko mpakani na jambo hilo huku lina uzito kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi.

POVU LIMESHAFANYA KAZI ZA WATU WAZIMA

Kabla hawajakucheka kijijini kwa kuokota maboksi ya friji, ujue povu lina heshima yake. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani ili kupata ramani mpya. Kazi hiyo iliongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, walishiriki. Ndege zilizotumika ni ndogo, aina ya eBee. Ukiishika mkononi utaona ni bawa la povu lenye mota moja nyuma, uzito wake haufiki kilo moja, na inarushwa kwa mkono kama mtu anayerusha jiwe mtoni.

Majirani zetu wa Malawi walikwenda mbali zaidi katika upande unaotuhusu, yaani kuunda wenyewe. Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani kilibuni ndege iitwayo EcoSoar, ya bodi za povu zilizobandikwa karatasi pande zote mbili, kwa makusudi kwamba iweze kuundwa hukohuko Malawi kwa zana chache. Januari 2020 UNICEF na washirika wake walifungua mjini Lilongwe chuo cha mafunzo ya ndege nyuki, na kuunda ndege na kuirusha ni sehemu ya yale wanafunzi wanayojifunza.

Sifa kubwa ya povu ni wepesi, na watu wa huku hawahitaji kufundishwa upya jambo hilo. Mchongaji wa Kimakonde anayetaka sanamu ya kudumu huchukua mpingo, mti mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama majini. Lakini akichonga lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani na mchezaji, mpingo anauacha. Anatafuta mti mwepesi, na huo nao anauchimba ndani hadi ubaki mwembamba. Mzigo utakaobebwa na shingo usiku wa ngoma lazima uhesabiwe. Ndege ni vivyo hivyo, ila inayobeba ni hewa.

UZITO UKIZIDI, UNALIPA MARA NNE

Tuchukue bawa lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 20. Ukizidisha unapata eneo la sentimita za mraba 2,000. Ndege yenye bawa hilo ikiwa na uzito wa gramu 600, inahitaji mwendo wa kama kilomita 26 kwa saa ili ibaki hewani. Huo ni mwendo wa kijana anayekanyaga baiskeli kwa nguvu kwenye lami. Ikipungua hapo, bawa linaacha kubeba na ndege inadondoka.

Sasa fanya uzito uwe gramu 1,200, bawa libaki lilelile. Mwendo wa chini kabisa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 1.4 hivi, unakuwa kama kilomita 37 kwa saa. Mtu anaweza kusema hiyo si mbaya. Tatizo liko kwenye kugonga. Nguvu ya ndege inapogonga chini ni uzito mara mwendo, mara mwendo tena. Uzito umekuwa mara mbili, na mwendo uliozidishwa kwa wenyewe umekuwa mara mbili nao. Jibu ni mara nne. Ndege ya gramu 600 ikidondoka kwenye nyasi unaokota, unapaka gundi, unarusha tena mchana. Ile ya gramu 1,200 inavunjika pua, mota inapinda, na kama pale palikuwa na mtoto, si hadithi tunayotaka kuisoma kwenye taarifa ya habari.

Lengo lako liwe kati ya gramu 550 na 650 ikiwa imekamilika. Povu, mwanzi, gundi na selotepu kwa pamoja visizidi gramu 300. Mizani ya dijitali ya duka la rejareja inatosha kupimia, na pima kila kipande kabla ya kukiunga. Kosa la kawaida ni kuimarisha. Fundi anaona mkia unayumba, anaongeza selotepu. Anaona pua laini, anaongeza ubao. Kila nyongeza ina sababu yake, na mwisho wa siku ndege ni imara kama stuli na inaruka kama stuli.

VIPIMO

Bawa tumeshalitaja: 100 kwa 20. Mkia wa kulala uwe na urefu wa sentimita 40 na upana wa 10, yaani eneo la 400, moja ya tano ya bawa. Mkia wa kusimama uwe na kimo cha sentimita 15 na upana wa 12. Kati ya ukingo wa nyuma wa bawa na ukingo wa mbele wa mkia acha sentimita 40. Mbele ya bawa pua itokeze sentimita 20. Ukijumlisha, kiwiliwili kinakuwa na urefu wa sentimita 90.

Nafasi hiyo ya sentimita 40 isikupite. Mkia unafanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa ubao wa bembea: akikaa mbali na katikati, nguvu kidogo inatosha kuutingisha ubao. Ukiusogeza mkia karibu na bawa kwa kuwa povu limekuwa fupi, lazima mkia wenyewe uwe mkubwa zaidi, la sivyo pua itakuwa inapanda na kushuka bila kutulia. Ukitaka ndege kubwa au ndogo kuliko hii, vipimo vyote vizidishwe au vipunguzwe pamoja.

Bawa lisilale bapa kama meza. Likate katikati, kisha liunge tena ncha zote mbili zikiwa zimeinuka kama sentimita 7 kuliko katikati. Ukiitazama ndege kwa mbele utaona umbo la V iliyofunguka sana. Umbo hilo ndilo linaloifanya ndege ijinyooshe yenyewe inapoinama upande mmoja. Na mwanafunzi anahitaji ndege inayojinyoosha, kwa sababu mikono yake bado itakuwa inatetemeka.

Mgongo wa bawa nao una njia rahisi. Ukiwa na povu bapa la unene wa milimita 5, bandika juu yake, kwenye nusu ya mbele, ukanda wa pili wa povu wenye upana wa sentimita 10. Panatokea ngazi ndogo katikati ya bawa. Macho hayapendi, lakini kwa ndege ndogo ya polepole bawa la ngazi linabeba vizuri, linakuwa gumu zaidi, na halihitaji fundi wa kupinda povu. Ukingo wa mbele usugue kwa msasa laini hadi uwe mviringo. Mwisho, unapoliweka bawa juu ya kiwiliwili, ukingo wake wa mbele uinuke kama milimita 7 kuliko wa nyuma, wakati mkia wa kulala umekaa sawasawa.

VINAVYOPATIKANA HUKU

Povu jeupe la maboksi ya televisheni na friji linafaa kwa kiwiliwili na mkia. Povu la godoro halifai kabisa, linapinda. Bodi za povu zenye karatasi zinapatikana kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ofisi mijini, na ndizo rahisi zaidi kwa bawa. Kata kwa wembe mpya au kisu cha karatasi, ukitumia rula ya chuma. Wembe butu unang'oa punje.

Uti wa mgongo wa bawa uwe ufito wa mwanzi mkavu, unene wa kalamu ya risasi au pungufu. Kwa kuwa bawa lina V, tumia fito mbili zikutane katikati, zilale juu ya kipande kifupi cha mwanzi kilichokatwa kwa pembe ileile, zifungwe kwa uzi na kupakwa gundi. Hapo ndipo mabawa mengi yanapovunjikia, basi hapo peke yake tunakuruhusu kuimarisha.

Gundi ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Gundi kali ya matone na ile ya mafundi viatu zinayeyusha povu jeupe, unabaki na shimo. Petroli nayo inaliyeyusha. Gundi nyeupe ya mbao ni salama ila inataka usiku mzima kukauka. Gundi ya moto ya bastola inafaa kama umeme upo, usiiache ichemke sana.

Spoku ya baiskeli iliyonyooka ndiyo waya wa kusukuma sehemu za mkia zinazopinda. Bawaba ni selotepu ya upande mmoja. Bawa usiligundishe kwenye kiwiliwili. Pitisha vijiti viwili vya mishikaki kwenye kiwiliwili, kimoja mbele ya bawa na kimoja nyuma, kisha libane bawa kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyokatwa vyembamba. Ndege ikigonga, bawa linaruka pembeni badala ya kuvunjika.

VIDOLE VIWILI

Hapa ndipo ndege nyingi za kujitengenezea zinapofia, nyingine katika sekunde ya kwanza ya kuruka kwake. Pima sentimita 5 na nusu kutoka ukingo wa mbele wa bawa kuelekea nyuma, upande wa chini, karibu na kiwiliwili, weka alama kulia na kushoto. Inyanyue ndege kwa kuweka ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikilala sawa au pua ikishuka kidogo, vema. Mkia ukishuka, usiirushe.

Ndege nzito mbele inaruka vibaya, inataka mwendo mkubwa na inashuka upesi, lakini inaruka. Ndege nzito nyuma inanyanyua pua, inapoteza mwendo, inaanguka, na hakuna namna ya kuiongoza hata kwa rubani mzoefu. Usijidanganye kwamba mota itaivuta. Ikipungukiwa uzito mbele, sogeza betri kuelekea puani kabla ya kufikiria kuongeza jiwe.

KURUSHA BILA MOTA

Mpaka hapa hujanunua kifaa hata kimoja cha umeme. Chukua mchanga wenye uzito ule ambao mota, betri na vingine vitakuwa nao, kama gramu 250 hadi 300, ufunge kwenye vipande vya kitambaa. (Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, kipande cha kanga chakavu kinatosha.) Vipachike pale vifaa vyenyewe vitakapokaa, kisha rudi kwenye vidole viwili upime tena.

Tafuta uwanja wenye nyasi, asubuhi, upepo ukiwa umelala. Simama ukielekea upepo unakotoka hata kama ni mdogo. Ishike ndege chini ya bawa, kimbia hatua tatu nne, isukume mbele ikiwa bapa au pua ikishuka kidogo sana. Usiitupe juu. Kutoka kwenye kimo cha bega, ndege nzuri ya aina hii itateleza mita 8 hadi 12 na kutua kwa tumbo.

Sasa soma inavyokuambia. Ikiinua pua, ikasita, kisha ikaanguka kwa pua, uzito uko nyuma au bawa limeinuka mno mbele. Ikipiga mbizi moja kwa moja, uzito umezidi mbele au bawa limelala mno. Ikikunja upande mmoja kila mara, bawa la upande huo ni zito au limepinda. Lishike kwenye mwanga ulitazame kwa nyuma. Badilisha jambo moja tu kila mara, kisha rusha tena. Mara 20 au 30 si nyingi. Nje ya nyasi zilizokanyagwa, kazi hii haigharimu kitu, na kijana aliyeimaliza anajua ndege yake kuliko yule aliyenunua iliyokamilika.

SASA MOTA

Kwa uzito wetu, mafundi wengi hutumia mota isiyo na brashi ya ukubwa unaoandikwa 2212, kidhibiti mwendo cha ampea 20 hadi 30, propela ya inchi 8, sevo mbili za gramu 9 za kuvuta mkia, na betri ya lithiamu ya seli tatu yenye mAh 1,300. Vitu hivi havipo Masasi wala Newala. Vinaagizwa kupitia maduka ya elektroniki mijini au mtandaoni. Soma sehemu ya ruhusa hapa chini kabla ya kutuma fedha.

Betri ya simu haifai. Mota hii ikivuta sawasawa inataka kama ampea 10, na betri ya simu haikuundwa kutoa mkondo huo. Itavimba au kuwaka. Mota ya gari la kuchezea nayo haina nguvu ya kuvuta gramu 600, na rimoti ya gari hilo inapotea ndani ya makumi machache ya mita.

Mota isielekee mbele sawasawa. Ukiwa nyuma ya ndege, mota itazame chini kidogo na kulia kidogo, nyuzi mbili au tatu. Bila hivyo, ukiongeza moto pua inapanda na ndege inavuta kushoto. Propela ifungwe mwisho kabisa, baada ya kujaribu kila kitu bila hiyo. Inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kidole hakina ubishi nayo.

REDIO YAKE NA REDIO YETU

Wasikilizaji wengine wanauliza kama rimoti itaingiliana na matangazo yetu. Haiwezi. Redio za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108, na urefu wa wimbi letu ni kama mita tatu. Rimoti za siku hizi zinatumia megahezi 2,400, wimbi la sentimita 12 na nusu, mtaa mmoja na Wi-Fi na Bluetooth. Ndiyo maana antena ya kipokezi ndani ya ndege ina urefu wa kidole gumba tu.

Wimbi fupi namna hiyo linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ninyi mnaoishi mabondeni mnajua sauti yetu inavyofifia mlima ukikaa katikati. Rimoti inafifia zaidi. Usirushe ndege nyuma ya mwembe, nyuma ya jabali wala nyuma ya nyumba ya bati. Kabla ya kila siku ya kuruka, mwenzako aishike ndege huku wewe ukirudi nyuma na rimoti ikiwa kwenye hali ya kupima umbali, uone kama mkia bado unakutii. Na panga kipokezi ili mawimbi yakikatika mota izime yenyewe. Ndege iliyopoteza mawasiliano huku mota inavuta inaweza kwenda kijiji cha tatu.

BETRI INAWAKA KWELI

Betri ya lithiamu ikijazwa kupita volti 4.2 kwa kila seli, ikitobolewa au ikipinda, inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi. Tumia chaja ya betri za aina hiyo, yenye waya wa kusawazisha seli. Inaweza kuendeshwa na betri ya volti 12 ya sola. Chajia nje, ndani ya chungu kilicho na mchanga, usiiache peke yake, na kamwe usichajie ndani ya nyumba ya makuti au nyasi. Iliyovimba usiitumie tena. Angani usiimalize: kwa betri ya mAh 1,300 panga dakika 7 hadi 10, kisha tua.

RUHUSA

Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazosimamia ndege zinazoongozwa kutoka ardhini bila rubani ndani yake. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nacho kinahitajika. Vifaa vya mawasiliano ya redio vinavyoingizwa nchini navyo viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Usijiamulie mwenyewe kuwa yako ni kichezeo na kwa hiyo haihusiki. Swali hilo wanalijibu wao, kwa maandishi, na uwe na jibu kabla ya kuagiza vifaa, kwa sababu kifaa kinaweza kukwama forodhani kabla hujakiona.

Huku kwetu kuna la ziada. Tangu Oktoba 2017 kuna mapigano Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya katika mkoa wetu wa Mtwara kilivamiwa na watu wenye silaha. Askari anayelinda mpaka akisikia mlio wa mota ndogo juu ya kichwa chake, hana namna ya kujua kuwa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na povu la friji. Kwa hiyo bonde la Ruvuma liachwe kabisa. Kamera usifunge. Ofisi ya mtendaji, polisi na ofisi ya mkuu wa wilaya wajue mapema nani anarusha, wapi na siku gani. Ushauri wetu ni kuomba kama shule au chuo cha ufundi, mwalimu akiwa mbele, badala ya kijana mmoja mmoja. Barua ya taasisi inasomwa kwa jicho tofauti, na ndege ikipotea kuna mtu mzima wa kuulizwa.

Viwanja vya ndege vya Masasi na Nachingwea, au kiwanja kingine chochote wanakotua abiria au wagonjwa, kaa navyo mbali sana. Vivyo hivyo minada, mikutano, ngoma na barabara kuu.

UPEPO WA JUU NA UPEPO WA CHINI

Ndege yetu inaruka kwa mita 7 hadi 10 kwa sekunde. Upepo ukiwa mita 7 kwa sekunde, ndege inayoelekea upepo itasimama palepale hewani, na ikigeuka itakukimbia kwa mwendo maradufu. Miezi ya kusi, asubuhi na mapema ndiyo nafasi yako. Jua likishachoma, acha.

Newala kuna kishawishi cha Shimo la Mungu. Mandhari ni ya ajabu, na upepo unaopanda kutoka bondeni unaonekana kama utaibeba ndege bure. Ni kweli unabeba, lakini nyuma ya ukingo upepo huohuo unajikunja na kushuka, na ndege ya mwanafunzi inapigwa chini bila onyo. Ikikosea upande wa pili, hakuna wa kushuka kuifuata. Masasi nako, kivuli cha majabali makubwa kina upepo unaozunguka. Tafuta sehemu tambarare, mbali na jabali na mbali na mikorosho, maana mkorosho hauirudishi ndege kwa hiari. Uwanja wa mpira una urefu wa kama mita 100, ndege inaumaliza kwa sekunde 10 hadi 14. Hivyo uwe umezungukwa na mashamba matupu.

Kabla ya siku hiyo, jizoeze kwenye simu. Programu ya PicaSim inapakuliwa bure na inaigiza ndege za namna hii. Jambo gumu kuliko yote utalikuta humo: ndege ikija kuelekea kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Akili inachukua siku kadhaa kuzoea, na ni afadhali uanguke mara 50 kwenye kioo cha simu.

Siku ya kwanza, mwenzako arushe kwa mkono, wewe ushike rimoti. Ipandishe polepole kwa pembe ndogo hadi kimo cha minazi miwili, punguza moto, geuza kwa duara kubwa. Usigeuze kwa kasi chini chini. Ukichanganyikiwa, zima mota na uachie vijiti vya rimoti. Ndege uliyoipima vizuri bila mota itateleza yenyewe, na hapo ndipo zile mara 30 za mchanga zinapokulipa.

Itavunjika. Povu lililokatika linarudi kwa gundi na selotepu nyembamba, lakini kila tengenezo linaongeza gramu na kuhamisha uzito, kwa hiyo pima tena kwa vidole viwili kabla haijaondoka ardhini. Propela yenye ufa, hata mdogo kama unywele, haigundishwi. Ivunje vipande viwili ili mtoto asije akaiokota na kuifunga tena.